Watafiti wanasema wanatushirikisha: nitajuaje kama hatutumiwi?

Swali: "Daktari, mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake katika mtaa ulio pembezoni mwa mji. Hatuna zahanati, na wengi wetu ni vibarua wa mashambani na wa ujenzi. Watafiti wamekwisha kuja mara tatu; waliuliza maswali, wakapima watoto, wakaondoka, na hatukusikia lolote tena. Sasa imekuja timu ya chuo kikuu inayochunguza shinikizo la damu na ugonjwa wa figo, nayo inasema utafiti wake ni shirikishi. Watajaza madodoso, watachukua damu na mkojo, na sehemu ya sampuli itahifadhiwa kwa ajili ya tafiti za baadaye. Nimeombwa niwe mjumbe wa kamati ya ushauri ya jamii, kwa posho ya kila kikao, na wanataka jibu wiki ijayo. Majirani wengine wanasema damu itauzwa, wengine wanasema mimi nimekwisha kununuliwa. Kiongozi wa mtaa amesaini barua ya kuwakubali, na jirani yangu aliyesitasita ameambiwa kwamba kwa kuwa kiongozi amekubali, yeye hana nafasi ya kukataa. Je, nikubali? Nitajuaje kama tunashirikishwa kweli au tunatumiwa tu?"

Dada, nitaanza na jirani yako, ingawa umemtaja mwishoni, kwa sababu jambo lake haliwezi kungoja wiki ijayo. Aliloambiwa si kweli. Sahihi ya kiongozi wa mtaa inawapa watafiti ruhusa ya kuingia na kuzungumza na wakazi. Haimruhusu yeyote kuchoma sindano mkono wa mtu asiyetaka. Azimio la Helsinki, ambalo Chama cha Madaktari Duniani kilipitisha mwaka 1964 na ambalo limerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, linakubali kwamba inaweza kufaa kushauriana na familia au viongozi wa jamii, lakini linasisitiza kwamba mtu mwenye uwezo wa kujiamulia haingizwi katika utafiti mpaka akubali mwenyewe kwa hiari. Mwongozo wa kimataifa wa tafiti za afya zinazohusisha binadamu, uliotolewa mwaka 2016 na CIOMS, baraza la mashirika ya kimataifa ya sayansi za tiba, kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani, unakwenda mbali zaidi na kusema kwamba kibali cha kiongozi hakiwezi kamwe kuchukua nafasi ya ridhaa ya mtu binafsi. Mwambie jirani yako kwamba anaweza kukataa leo, au akakubali leo na kujitoa kesho, bila kudaiwa sababu na bila kunyimwa huduma yoyote aliyokuwa akiipata. Na kama aliyemwambia hivyo ni mdadisi wa timu, yaani mtu anayepita akijaza madodoso, mtafiti mkuu anapaswa kuarifiwa siku hiyo hiyo. Mara nyingi wadadisi hupangiwa idadi ya watu wa kuwafikia kwa siku, na mzigo huo, wasipoangaliwa, huishia kutuliwa mlangoni kwa mkazi.

Baada ya hapo tuje kwako. Naona katika barua yako hofu mbili zilizoshikana: kwamba mtaa wako utachukuliwa kitu bila kurudishiwa chochote, kama ilivyokuwa mara tatu zilizopita, na kwamba safari hii wewe ndiye utakayekuwa umeshika mlango wakati kinachukuliwa. Hofu zote mbili zina msingi. Ila zimechanganyika na mambo ambayo si sahihi, na ni vizuri tuyatenganishe kabla hujaamua.

Tuanze na damu. Kinachochukuliwa katika utafiti wa namna hii kwa kawaida ni mililita chache tu, pengine kijiko cha chai kimoja hadi vitatu, katika mwili wa mtu mzima wenye lita tano hivi za damu. Damu hiyo haiwezi kuongezewa mgonjwa. Huwekwa kwenye vichupa, vingine vikiwa na dawa ya kuizuia isigande, kisha maabara hupima vitu kama kreatinini, taka ambayo misuli huizalisha kila siku na ambayo figo nzima huiondoa. Ikilundikana kwenye damu, ni dalili kwamba figo hazichuji inavyotakiwa. Kwenye mkojo hutafutwa protini, ambayo figo yenye afya haiiachi ipite kwa wingi. Kwa maana hiyo, anayesema kwamba damu ya mtaa wenu itapelekwa sokoni kama bidhaa amekosea.

Lakini usimcheke, kwa sababu uvumi wa namna hii mara nyingi ni kumbukumbu ya jambo lililowahi kutokea mahali fulani, likasimuliwa vibaya. Mwaka 1951 seli za uvimbe wa saratani za mwanamke mmoja Mmarekani mweusi, Henrietta Lacks, zilichukuliwa hospitalini bila yeye kuombwa ridhaa. Seli hizo zilizaliana maabara bila kikomo, zikauzwa na kutumiwa duniani kote kwa miongo kadhaa, na ni mwaka 2023 tu ndipo familia yake ilipofikia makubaliano na kampuni moja iliyokuwa imefaidika nazo. Wahavasupai, watu wachache wanaoishi ndani ya Grand Canyon huko Marekani, walitoa damu kuanzia mwaka 1990 wakiamini kwamba inachunguzwa kisukari, ugonjwa uliokuwa ukiwaandama. Baadaye waligundua kwamba damu hiyo hiyo ilikuwa imetumika katika tafiti za ugonjwa wa akili na za asili ya kizazi chao, mambo ambayo hawakuwa wameelezwa na ambayo mengine yaligongana na imani yao. Walifungua kesi dhidi ya chuo kikuu cha jimbo lao, na mwaka 2010 wakalipwa dola 700,000 na kurudishiwa sampuli zilizobaki. Kwa hiyo swali la kuuliza juu ya damu yenu ni hili: baada ya kupimwa figo, kile kichupa kilichobaki kitafunguliwa na nani, kwa ajili gani, na nani atakuwa na uwezo wa kusema hapana? Nitalirudia swali hilo mbele kidogo.

Dhana ya pili ni ya kudhani kwamba utafiti ni matibabu. Hukuiandika, lakini naisikia pale unaposema hamna zahanati. Mahali ambapo daktari haonekani, mtu aliyevaa koti jeupe na kushika kipimo cha presha huchukuliwa kuwa daktari amefika, na watu hukubali kila kitu wakitarajia dawa. Paul Appelbaum na wenzake walilieleza kosa hili mwaka 1982, walipoona kwamba washiriki wengi waliamini kila kitu wanachofanyiwa kimechaguliwa kwa faida yao binafsi, ilhali lengo la utafiti ni kujibu swali linalohusu watu wengi. Timu yenu imekuja kupima, na kupima hakutibu. Hilo peke yake si dhambi, ila linazaa wajibu: anayekukuta na presha ya hatari hawezi kuiandika kwenye fomu yake na kwenda nyumba inayofuata. Kabla ya jambo lolote, kamati yenu idai kuoneshwa mpango wa rufaa ulioandikwa. Mtu atakayekutwa na presha ya juu ataambiwa lini, na nani, na atapelekwa wapi? Nauli italipwa na nani? Atakayekutwa na kreatinini ya juu atapata jibu baada ya siku ngapi? Katika mtaa usio na zahanati, ukurasa huo mmoja una thamani kuliko warsha zote za ushirikishwaji zitakazofanyika.

Sasa niseme jambo ambalo watafiti wenzangu hatupendi kulisema kwa sauti. Kuishirikisha jamii hakutoshi kuufanya utafiti uwe wa haki. Utafiti wa kaswende wa Tuskegee, ulioendeshwa na idara ya afya ya umma ya Marekani katika jimbo la Alabama kuanzia mwaka 1932, uliwafuatilia wanaume weusi 600, miongoni mwao 399 wakiwa na kaswende, bila kuwaambia wanaugua nini. Waliambiwa wana "damu mbaya", na kuchomwa sindano ya uti wa mgongo kulielezwa kuwa ni tiba. Penisilini ilipokuwa imekubalika kuwa dawa ya kaswende kufikia mwaka 1947, hawakupewa. Utafiti haukukoma mpaka magazeti yalipoufichua mwaka 1972. Wengi wanajua hayo. Kinachosahaulika ni kwamba kwa sura ya nje utafiti ule ulikuwa wa kijamii mno: ulipitia taasisi ya weusi wenyewe, ukamtumia muuguzi mweusi wa eneo hilo, Eunice Rivers, aliyewajua wanaume wale kwa majina na kuwapeleka kliniki kwa gari, ukatoa chakula siku za vipimo na kugharamia mazishi ya familia zilizokubali maiti ichunguzwe. Kila alama ambayo leo tungeiandika kwenye ripoti chini ya kichwa cha ushirikishwaji ilikuwepo. Kilichokosekana ni ukweli, na mtu mmoja wa upande wa wale wanaume mwenye uwezo wa kusimamisha chochote.

Hiki ndicho kipimo ninachokupa, na sijapata kingine kinachokipita: uliza ni jambo gani katika utafiti huu linaweza kubadilika kwa sababu nyinyi mmesema. Idadi ya vikao, fulana zenye nembo na picha za pamoja hazikuambii lolote. Mwaka 1969 Sherry Arnstein, aliyekuwa akishughulika na mipango ya miji nchini Marekani, alichora ngazi yenye vipandio vinane vya ushiriki wa raia: chini kabisa watu wanachezewa tu, katikati wanaarifiwa na kuulizwa maoni ambayo hayamfungi mtu, na juu ndiko wanakoamua. Kamati nyingi za ushauri nilizowahi kuziona zimekaa katikati. Si mahali pabaya pa kuanzia, ila mtu ajue amesimama wapi.

Hapa utaniuliza: kwa nini basi wasomi hawa wakubali kubadilishwa na vibarua? Kwa sababu bila nyinyi watapata majibu yasiyo sahihi, na ningependa ulielewe hili vizuri, maana ndilo litakalokupa sauti kwenye kikao. Fikiria wadadisi wanapita nyumba kwa nyumba saa nne asubuhi. Vibarua walikwisha kuondoka alfajiri. Watakaokutwa nyumbani ni wazee, wanaolea, na waliobaki kwa sababu wanaumwa. Takwimu zitakazotoka hapo zinaweza kuonesha ugonjwa mwingi kuliko uliopo, au kuukosa kabisa ugonjwa wa vijana wanaofanya kazi juani, na hakuna hesabu ya kompyuta itakayomwonesha mtafiti watu ambao hakuwahi kuwaona. Chukua pia saa ya kutoa damu. Mtu aliyefanya kazi nzito mchana kutwa bila maji ya kutosha anaweza kuonekana figo zake zimelegea jioni ile, zikarudi sawa akipumzika na kunywa maji. Ndiyo maana ugonjwa sugu wa figo hauthibitishwi kwa kipimo kimoja, bali kasoro inapodumu kwa zaidi ya miezi mitatu. Presha nayo hupanda kwa mtu aliyetoka kubeba mzigo, au aliyeogopa kwa sababu amesikia damu inauzwa. Na mkojo: nani amefikiria mwanamke atautoa wapi, kama vyoo ni vya pamoja na mdadisi ni mwanamume anayesubiri nje? Mambo haya hayamo kwenye vitabu vya timu ile. Unayajua wewe. Kwa hiyo ukiketi kwenye kamati usiketi kama mgeni aliyekaribishwa. Umekuja na ujuzi ambao utafiti hauwezi kwenda bila huo.

Kuna mahali ambapo ujuzi wa namna hii uliubadilisha kabisa utafiti wa figo, na nauleta mfano huu kwa sababu unafanana sana na hali yenu. Katika Amerika ya Kati, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, madaktari waliripoti wanaume wenye figo zilizokufa ambao wengi wao hawakuwa na kisukari wala presha ya siku nyingi. Huko Chichigalpa, nchini Nicaragua, wakata miwa na wajane wao walikuwa wakihesabu makaburi zamani kabla ya ripoti hizo. Mwaka 2008 wafanyakazi wa zamani walipeleka malalamiko kwenye ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya mikopo ambayo Kundi la Benki ya Dunia hutoa kwa kampuni binafsi, kwa kuwa kiwanda cha sukari cha huko kilikuwa kimekopeshwa. Kwenye mazungumzo yaliyofuata, wafanyakazi na kampuni walikubaliana pamoja juu ya timu gani ya watafiti iaminiwe kuchunguza chanzo, na wakachagua chuo kikuu cha Boston. Wagonjwa wenyewe walikaa mezani kuulizwa ni maswali gani yachunguzwe. Utafiti ukatoka nje ya mashamba ya miwa na kuonesha dalili za figo kuumia kwa wachimba madini, wajenzi na wapakuzi wa bandarini pia, jambo lililoelekeza macho kwenye joto, kazi nzito na upungufu wa maji mwilini. Chanzo kamili bado kinabishaniwa na wataalamu, lakini maji, mapumziko na kivuli vimekuwa sehemu ya mazungumzo ya usalama kazini katika mashamba ya eneo hilo. Nisiwe mwongo: wagonjwa wengi hawakupona, na mazungumzo yale yalikuwa marefu na machungu. Ila kalamu ilishikwa na mikono miwili.

Mfano mwingine mfupi, wa presha. Mwaka 2018 daktari Ronald Victor na wenzake wa Los Angeles walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika saluni 52 za kunyoa, kwa wanaume weusi 319 wenye presha iliyopanda. Katika kundi moja kinyozi aliwahimiza wateja waende kwa daktari. Katika jingine wafamasia walikuja saluni wakawaandikia dawa hapo hapo. Baada ya miezi sita ile namba ya juu ya kipimo cha presha ilishuka kwa milimita 27 za zebaki katika kundi la wafamasia, na kwa 9 tu katika lile la kuhimizwa. Imani ya wateja kwa kinyozi wao ilikuwa ile ile kwa makundi yote mawili. Tofauti ililetwa na dawa. Wakumbushe wageni wenu hilo kama watataka mjumbe wa kamati awe mtu wa kuwahamasisha majirani tu.

Nirudi kwenye kamati yenyewe na kukueleza ninachokiona upande wa kila chaguo. Ukikataa, utakuwa umejilinda na lawama, na hilo si jambo dogo kwa mtu anayeishi mtaa huo huo baada ya watafiti kuondoka. Lakini utafiti huenda ukaendelea, na kiti chako atakipata mtu asiyeuliza. Ukikubali bila masharti, jina lako litaandikwa kwenye ripoti kama uthibitisho kwamba jamii ilishiriki, hata kama hukuwahi kuoneshwa fomu ya ridhaa kabla haijachapwa. Njia ya tatu ni kukubali kwa masharti yaliyoandikwa, na mimi naielemea hiyo, ingawa ina gharama yake: itakula muda wako, itakugombanisha na baadhi ya watu, na pengine timu itakuona msumbufu.

Uliza kwanza kamati ilibuniwa lini. Ikiwa mpango wa utafiti ulikwisha kuidhinishwa na kamati ya maadili, ile inayokagua tafiti kabla hazijaanza, kabla nyinyi hamjaitwa, mambo mengi yamefungwa, ingawa hayajafungwa yote. Mpango unaweza kufanyiwa marekebisho; mtafiti huyapeleka tena kwa kamati ya maadili, na huchukua wiki kadhaa. Saa za kupita majumbani, jinsia ya wadadisi, lugha ya fomu, mpango wa rufaa, kurudia kipimo baada ya miezi mitatu, namna ya kutoa mrejesho: haya yote yanarekebishika. Idadi ya washiriki na njia za maabara kwa kawaida hazibadiliki, kwa sababu zimekokotolewa ili jibu liwe na maana, na si ukaidi mtafiti akishikilia hapo. Mtu wa timu akikueleza bila kuficha kipi kinawezekana na kipi hakiwezekani, hiyo ni dalili njema kuliko anayekubali kila kitu.

Kuhusu uwakilishi, sidhani kwamba wewe peke yako, hata uwe mwaminifu namna gani, unaweza kuitwa jamii. Mtaa una wenye nyumba na wapangaji, wenye vitambulisho na wasio navyo, watu wenye ulemavu, vijana wasiohudhuria mikutano. Kiongozi aliyesaini ile barua anaweza kuwa mtu mzuri na bado asijue maisha ya mpangaji. Waombe watafiti wawaache wakazi wawachague wajumbe wao, na wajumbe wawe kadhaa. Ukichaguliwa na majirani zako badala ya kuteuliwa na timu, hata neno la kununuliwa litapoteza nguvu.

Posho nayo usiionee haya. Unapoteza siku ya kazi, na ni haki mtu kufidiwa muda wake. Watafiti wenyewe wanalipwa mshahara. Kuna malipo mawili tu ambayo ningeyakataa: kulipwa kwa kila mshiriki utakayemleta, na kulipwa kiasi kisichotajika mbele za watu. Taja kiasi hicho kwenye mkutano wa wakazi kabla mtu hajakuuliza. Halafu usikubali kuwa mwandikishaji wa washiriki, wala usikubali kuoneshwa majibu ya mtu yeyote. Mjumbe wa kamati anayejua presha ya jirani yake amekwisha kuvunja kitu ambacho hakiungwi tena.

Tuje kwenye kile kichupa kilichobaki. Kuhifadhi sampuli si uovu. Maswali mengi mazuri ya tiba yamejibiwa kwa damu iliyohifadhiwa miaka mingi, na mwongozo wa CIOMS unaruhusu mtu kutoa ridhaa pana kwa tafiti za baadaye mradi kuwe na utaratibu unaoeleweka wa kuzisimamia. Lakini ridhaa ya kuhifadhi inapaswa kusimama peke yake kwenye fomu, na mtu aweze kukubali kupimwa leo huku akikataa kuhifadhiwa. Fomu ieleze sampuli zitakaa wapi, kwa muda gani, kama zinaweza kuvuka mpaka wa nchi, kama vinasaba vitachunguzwa, na mtu akibadili nia afanye nini. Ieleze pia bila kuficha kwamba sampuli ikishaondolewa jina na namba inayoirudisha kwa mwenyewe, haiwezi tena kutafutwa na kuharibiwa. Mimi ningeongeza sharti kwamba utafiti wowote mpya utakaotumia sampuli hizo uje kwanza mbele ya kamati yenu. Na kuna jambo ambalo ridhaa ya mtu mmoja mmoja hailigusi kabisa: majina yakifutwa, jina la mtaa linabaki. Ripoti ikisema kwamba watu wa mtaa fulani wana ugonjwa fulani, mwajiri anaweza kuisoma. Jadilianeni mapema kama mtaa utatajwa.

Masharti hayo mnaweza kuyaandika wenyewe. Mwaka 2017 Wasan wa Afrika Kusini, watu ambao pengine wamechunguzwa kuliko wengi duniani, walitoa kanuni zao za maadili ya utafiti, zikidai heshima, ukweli, haki na usawa, uangalizi, na kufuata utaratibu waliouweka wao. Kanuni hizo ni fupi na zimeandikwa kwa lugha nyepesi, na mtafiti anayetaka kufanya kazi nao hukutana nazo kabla ya kukutana na mshiriki. Nanyi ukurasa mmoja unatosha.

Nakiri kwamba sehemu ya mrejesho inanichoma. Nilipokuwa kijana nilishiriki kukusanya madodoso katika eneo linalofanana na lenu, na tuliahidi kurudi. Ripoti iliandikwa, fedha zikaisha, sote tukatawanyika. Sikurudi. Hakukuwa na hila yoyote, na kwa wale waliotupokea kutokuwepo kwa hila hakubadilishi kitu. Kwa kawaida bajeti ya utafiti huwa na fungu la mikutano ya wanasayansi, ila fungu la kurudi kwa washiriki lisipoandikwa tangu mwanzo halipatikani baadaye. Kwa hiyo msiridhike na ahadi. Ombeni kuoneshwa fungu hilo, na mwandike mwezi ambao mkutano wa mrejesho utafanyika, lugha itakayotumika, na kwamba wakazi watasikia matokeo kabla au wakati ule ule yanapotangazwa kwingine, hata kama matokeo hayapendezi. Waulizeni pia kama wanazifahamu zile tafiti tatu za awali. Huenda majibu yenu yapo mahali, na timu ya chuo kikuu ina njia za kuyatafuta ambazo nyinyi hamna.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Kila fomu ya ridhaa inapaswa kuwa na namna ya kuwasiliana na kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinisha kazi hiyo, si mawasiliano ya watafiti peke yao. Ikiwa jirani yako ataendelea kubanwa, ikiwa mtu atadhurika wakati wa kutolewa damu, au ikiwa majibu ya mtu yatasikika mtaani, nenda kwenye kamati hiyo ana kwa ana, ukifuatana na mtu mwingine, na uombe malalamiko yako yaandikwe. Fomu isiyo na mawasiliano hayo ni sababu tosha ya kusimamisha kila kitu mpaka yapatikane. Mkiletewa mkataba unaozungumzia umiliki wa sampuli au faida, usisainiwe kabla mwanasheria wa msaada wa kisheria hajausoma pamoja nanyi. Na utafiti usimcheleweshe mtu kwenda hospitali: mwenye presha inayofika 180 kwa 120 pamoja na maumivu makali ya kichwa, ukungu wa macho, maumivu ya kifua au kuishiwa pumzi, aende hospitali saa hiyo hiyo, na mwenye kuvimba uso au miguu, mkojo uliopungua sana au wenye damu, asingoje zamu yake ya kupimwa na wadadisi.

Kwa jibu la wiki ijayo, ningekushauri usiende peke yako na usijibu ndiyo wala hapana. Itisha mkutano wa wakazi kwanza, soma fomu ya ridhaa kwa sauti neno kwa neno, kisha mpelekeeni mtafiti mkuu barua yenye madai manne: mpango wa rufaa, ridhaa ya kuhifadhi sampuli iliyotenganishwa, wajumbe wanaochaguliwa na wakazi, na tarehe ya mrejesho yenye fungu lake. Ombeni majibu kwa maandishi kabla ya kichupa cha kwanza kujazwa. Wakiyajibu, hata kama wamekataa moja na kueleza kwa nini, kaa kwenye kiti hicho. Wakisema hayo yatazungumzwa huko mbele kazi ikishaanza, kiache kiti kikiwa kitupu, na uwaeleze majirani zako sababu.